Kiganja Chini

Kila asubuhi, kabla injini yoyote haijawashwa, watu wa meli ya Mkizi hujipanga mstari mmoja kukata sitaha kwa upana, bega kwa bega, wakatembea kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma, macho chini kama watu waliopoteza pete. Cheo hakina kazi katika matembezi hayo. Mpishi huenda sambamba na luteni, daktari sambamba na mpaka rangi, na kila mmoja huokota akionacho: skrubu, uzi, ganda la rangi, kipande cha waya. Kitu kidogo kikifyonzwa na injini, ndege hurudi vipande vipande. Kwa hiyo wanaokota, na wakimaliza wanamimina vyote kwenye ndoo ya Sajini Meja Lwitiko ili avitazame kimoja kimoja.

Asubuhi hiyo Koplo Mwanakombo Shee alikuwa akitembea mikono mifukoni.

"We njano!" Lwitiko alibwata kutoka mwisho wa mstari. Alikuwa mtu mfupi, mtu wa Rungwe, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti hata injini zikinguruma. "Mikono unamficha nani? Umeiiba? Au leo unaokota kwa meno?"

Watu walicheka. Mwanakombo aliitoa mikono, akaiacha ining'inie, na mara moja hakujua aipeleke wapi. Miaka sita alikuwa njano, yaani mwelekezaji wa ndege avaaye fulana ya njano, mtu ambaye mikono yake ndiyo mdomo wake. Siku nane hizi ilikuwa ikimtisha. Alikuwa akilala ameikunja chini ya tumbo.

Mstari ulipofika katikati ya sitaha, daktari aliinama kwenye kijishimo cha chuma kinachofungiwa minyororo ya ndege, kile chenye namba thelathini na moja, akachokoa kitu kwa ukucha. Akakiinua. Kilikuwa kidogo, chekundu, kimekauka.

Lwitiko alikichukua, akakinusa. "Ubuyu," alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda tayari. "Meli ya vita ya Shirikisho. Ndege kumi na wawili, kila mmoja na nusu tani ya chumvi tumboni. Na mtu anakula ubuyu kwenye sitaha yangu kama yuko barazani kwa shangazi yake! Nani?"

Mtu mmoja akaitazama namba ya kile kishimo, akamgusa mwenzake, na kimya kikaenea mstari mzima, kwa sababu thelathini na moja ndipo Koplo Ndahani alipokutwa siku ile, mguu wake wa kulia ukiwa chini ya gurudumu la ndege Kozi Saba. Lwitiko naye akakumbuka. Aliitia kokwa ile mfukoni badala ya ndoo, akasema tu, "Endeleeni."

Mwanakombo aliendelea. Pakiti ya ubuyu, nusu yake ikiwa bado imejaa, ilikuwa kwenye sanduku lake chini ya soksi.

*

Kwa nini mikono? Kwa sababu anga ya bahari hii imejaa kelele mwaka wa kumi na moja sasa. Wale wa ng'ambo, ambao nao wanayataka mawingu, walizamisha mitambo ya kuvuruga redio majini, na tangu siku hiyo redio haisemi kitu ila kukoroma. Ndege isiyo na rubani ambayo haisikii redio ni bati tu. Ndipo wahandisi wa Shirikisho wakatengeneza kozi: ndege mwenye macho, anayeitafuta fulana ya njano na kuifuata mikono ya aliyeivaa. Redio huzibwa. Mkono hauzibwi.

Kila Desemba kaskazi huleta mawingu kutoka bahari kuu kwa siku chache, na kozi huruka kutoka Mkizi na meli nyingine tano kwenda kuyatia chumvi, ili yakifika bara yasipite bure, yaiache mvua yake kwenye nyanda za kati ambako watoto wa miaka saba wanaijua kwa kusimuliwa. Mwaka huu siku zilizokuwa zimebaki zilikuwa nne.

Kitabu cha ishara kinasema hivi: ukitaka kozi aje mbele, inua mikono yote miwili, viganja vikutazame usoni, uvute hewa kuelekea mabegani. Kiganja kikitazama chini na mkono ukipigapiga hewa, maana yake punguza injini. Kitabu kiliandikwa na watu wa mbali, ambao kwao mtu huitwa kwa kiganja juu na kidole. Kwetu ukimwita mtu mzima namna hiyo, umemfanya mbwa. Kwetu mtu huitwa kiganja chini, vidole vikichota hewa, tena kwa upole.

Saba aliletwa Mkizi miaka miwili iliyopita, mpya, mzito, mwoga wa sitaha yenye maji. Mwanakombo ndiye aliyepewa kumfunza. Jioni, kazi ikiisha, alikuwa akisimama mbele yake na kumwita kama anavyomwita mtoto wa jirani: kiganja chini, njoo, njoo baba. Saba alikuwa akipunguza injini, kama kitabu kisemavyo. Mwanakombo alicheka, akamwita tena, kisha akampa ishara ya kitabu ili aje. Wiki ya tatu Saba alikuja bila kungoja ishara ya kitabu. Meli nzima ilicheka. "Saba amejua Kiswahili!" walisema, na hata Lwitiko alishuka kuja kuona, kisha jambo likasahaulika kama mzaha mwingine wowote. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na hakuna aliyewaza kwamba mwana huyu ana ndugu. Maana kila jioni ubongo wa meli hukusanya yote ambayo kozi wamejifunza mchana, huyachanganya, na kuwafundisha wote. Wenyewe huliita darasa. Kila Ijumaa kozi mmoja hulibeba darasa hilo kwenda kwenye meli nyingine tano, na kurudi na la kwao.

Siku nane zilizopita, saa nne asubuhi, Saba alikuwa amesimama katikati ya sitaha, injini ikivuma kidogo, kabari za magurudumu zimeshaondolewa. Ndahani, fulana ya kijani, mtu wa minyororo, alikuwa amesimama pembeni nyuma ya mstari mwekundu. Mwanakombo alikuwa mbele, hatua ishirini, na alikuwa ametoka kuletewa ubuyu kwenye kifurushi cha barua. Alimwonyesha Ndahani ile pakiti. Ndahani alicheka. Mwanakombo akamwita, kiganja chini.

Aliwaita wawili bila kujua, na wote wawili wakaitika.

Baraza la uchunguzi liliitazama picha kutoka jicho la Saba mara nyingi. Waliona Ndahani akivuka mstari mwekundu bila ruhusa. Waliona njano aliye mbele akitoa ishara ya kupunguza injini, mara tatu, waziwazi, kwa mkono mmoja. Waliandika kwamba breki ziliteleza kwa maji, kwamba kosa ni la Koplo Ndahani aliyevuka mstari, na kwamba Koplo Mwanakombo Shee alifanya kila awezalo kuizuia ndege. Kamanda Kilewo alimpa mkono mbele ya watu wote. Ulikuwa mkono ule ule ulioita.

*

Mchana watu walipokwenda kula, Mwanakombo alishuka kwenye banda la ndege chini ya sitaha. Kozi walikuwa wamepangwa safu mbili, mabawa yamekunjwa, wakinywa umeme unaoyaendesha magurudumu hata injini ikizimwa. Macho yao yalimfuata. Yaliifuata fulana.

Alimfungua Saba minyororo, akarudi hatua kumi, akahakikisha hakuna mtu. Mkono ulikuwa mzito kuuinua. Kiganja chini, akachota hewa. Saba alikuja, taratibu, akasimama pua yake ikikaribia kifua chake.

"Haya wewe nakujua," alimwambia. "Wewe ni wangu."

Kisha akaenda kwa Kozi Tano. Tano alikuwa ameletwa mwezi uliopita kutoka meli nyingine, na Mwanakombo hakuwahi hata kumfuta vumbi. Alimfungua. Alirudi nyuma. Alijiambia kwamba Tano akibaki mahali pake, basi jambo hili ni lake yeye na Saba tu, nalo litakwisha taratibu, atamfunza upya polepole na Mungu atamsitiri. Aliinua mkono.

Tano alikuja.

Mwanakombo alikaa chini kwenye sakafu ya chuma. Meli sita. Kozi sabini na mbili. Njano arobaini na zaidi, wote watu wa huku huku, wote waliolelewa na mama zao kumwita mtu kiganja chini. Na kitabu kizima cha meli sita kinawaambia kwamba ishara hiyo ni salama, kwamba ni ya kupunguza.

Alisimama, akaketi, akasimama tena. Akamrudisha Tano mahali pake kwa ishara za kitabu.

*

Wodi ya Mkizi ina vitanda vinne. Ndahani alikuwa kwenye kile cha dirishani, shuka limelala tambarare pale ambapo mguu ungekuwa. Juu ya kifua chake palikuwa na karatasi za baraza na kalamu.

"Karibu, mtu wa pwani," alisema. "Ulikuwa unasema Mgogo atakufa kwa kuogopa maji. Umeona? Maji hayajanifanya kitu."

Mwanakombo hakucheka. Alivuta kiti, akakiacha, akasimama. "Umeshatia saini?"

"Jioni. Sajini Meja atakuja kuichukua."

"Usitie."

Ndahani aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mrefu, uso mwembamba, na siku nane hizi zilikuwa zimemwongezea miaka. "Kwa nini nisitie? Nilivuka mstari. Macho yote yameona."

"Ulivuka kwa sababu nilikuita."

"Uliniita," alisema Ndahani. "Nikaja."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayekubali salamu. Mwanakombo akakikalia kile kiti. "Ulijua?"

"Dada, mimi ndiye niliyekuwa nakutazama. Wale wa baraza wanasoma mkono wako kwa kitabu. Mimi nakufahamu. Nilijua unaniita, na niliposikia gurudumu nyuma yangu nikajua Saba naye amejua anaitwa. Nilikuwa na muda wa kuwaza hilo tu."

"Na hukusema!"

"Nikisema, nini kitatokea? Wewe sheria unaijua kuliko mimi."

Aliijua. Kozi akijifunza ishara isiyo kitabuni, kozi wote waliokaa naye darasa moja hawaruki mpaka wafutwe vichwa hadi siku kabla hawajaijua. Kwa meli sita hiyo ni kazi ya siku tatu, ukiharakisha. Na siku zilikuwa nne.

"Mwaka wa nne huu nyumbani hawajavuna," Ndahani alisema. "Mama ameuza milango, ananiambia eti nyumba isiyo na milango ina hewa nzuri. Anatania. Yeye hutania akishindwa." Aligeukia dirisha. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mashariki, meupe, mazito, yakija taratibu. "Yale pale. Mguu wangu umeshapotea, Mwanakombo. Mvua bado. Acha kwanza inyeshe. Siku nne tu, kisha utasema utakavyo, na mimi nitakuwa shahidi wako."

"Na katika siku nne njano mwingine akimwita mwenzake?"

"Siku nane zimepita, hajaita."

"Tulikuwa haturuki! Tulikuwa tunangoja baraza. Leo saa tisa tunarusha wote kumi na wawili. Na Tano anajua. Nimemjaribu. Kama Tano anajua, wote wanajua."

Ndahani alishusha sauti. "Basi uwe macho. Simama katikati, uangalie mikono ya watu. Siku nne uwe macho kwa niaba yetu. Huwezi hilo?"

Mwanakombo alitoka akiwa hajui kama amekubali au amekataa, na huko koridoni alipishana na luteni akasahau kumpigia saluti.

*

Saa nane na nusu Kamanda Aikande Kilewo aliwakusanya njano wote chini ya mnara, akawaeleza zamu, upepo, mpangilio wa manati mawili yanayowatupa kozi angani. Mwishoni akauliza kama yupo mwenye neno. Aliuliza kila siku, ni desturi, na kila siku watu walikaa kimya. Mwanakombo alifungua mdomo. Aliwaza nyumba isiyo na milango. Akaufunga.

"Hakuna? Kazini," alisema Kamanda.

Manati ya kwanza yakapiga, Kozi Moja akaenda. Ya pili yakapiga, Mbili akaenda. Sitaha ilijaa kelele na joto na harufu ya mafuta, na watu wa fulana za kijani, buluu na nyekundu wakakimbia huku na huku wakiwa wameinama. Kazi ya sitaha ni nzuri inapokwenda, haina maneno, kila mtu ni mkono wa mwenzake. Siku nyingine Mwanakombo angekuwa na furaha. Siku hiyo aliongoza ndege kwa mikono yake miwili huku macho yakiruka kutoka njano mmoja hadi mwingine, saba waliobaki, mikono kumi na minne. Huyu anajikuna. Yule anafuta jasho. Yule anamwonyesha mtu ndoo. Mtu mmoja hawezi kulinda mikono kumi na minne. Hilo alilijua kabla Kozi Tatu hajaondoka, na aliendelea kujidanganya mpaka Kozi Nne.

Koplo Luhende, njano wa manati ya pili, alikuwa mcheshi wa zamu, asiyejua kukaa kimya hata mahali pasiposikika neno. Kozi Tano alikuwa nyuma kidogo akingoja, injini ikivuma, minyororo bado imemshika. Luhende alimwona mtu wa kabari upande wa pili, akataka kumwambia jambo. Akainua mkono. Kiganja chini. Njoo.

Mtu wa kabari akaja, akapita mbele ya pua ya Tano.

Minyororo ya Tano ilikaza. Ilikaza kwa upana wa kidole, ikalegea. Hakuna aliyeona. Luhende alimpiga mwenzake begani, wakacheka, wakaachana. Mtu wa kijani akaanza kuinama kuifungua ile minyororo ili Tano apelekwe kwenye manati. Hakuna aliyeumia, na dakika moja baadaye Tano angekuwa angani na chumvi yake.

Mwanakombo angeweza kuacha ipite. Alilijua hilo wakati huo huo, na alilijua maisha yake yote baadaye. Mawingu yalikuwa juu ya kichwa chake. Aliinua mikono yote miwili, akaikutanisha juu ya helmeti, ngumi kwa ngumi, viwiko vimetanuka. Ni ishara ambayo kila njano huijua na huomba asiitumie: simameni wote.

Njano wengine wakaipokea, mmoja baada ya mwingine. Kozi wakazima. Manati yakapumua mvuke. Ukimya uliofuata uliuma masikio.

Lwitiko alifika kabla ya Kamanda, uso umemwiva. "Sababu! Nipe sababu sasa hivi. Wingu hilo halikungoji wewe!"

"Afande, naomba mbele ya Tano pawe wazi. Watu wote nyuma ya mstari mwekundu. Na afunguliwe."

"Una wazimu?"

"Naomba, afande."

Labda ilikuwa sauti yake, labda ile kokwa aliyokuwa nayo mfukoni tangu asubuhi. Lwitiko aliwaondoa watu, na Tano akafunguliwa. Kamanda Kilewo alikuwa ameshashuka kutoka kwenye mnara, amesimama mikono nyuma. Mwanakombo alijitenga hatua ishirini, hatua zile zile. Akaona aibu ikimpanda hadi masikioni. Mficha uchi hazai, alijiambia, na akauinua mkono mmoja, kiganja chini, akachota hewa kama alivyofundishwa na mama yake.

Tano akaja. Mbele ya watu mia na thelathini akaja taratibu, mtiifu, akasimama kwa Mwanakombo.

"Hivi ndivyo nilivyomwita Ndahani," alisema. Sauti yake ilifika mbali kwa kuwa hakuna kilichovuma. "Nilimwita tule ubuyu. Nilichoonyesha siyo kupunguza. Mimi ndiye niliyemfundisha Saba, na Saba amewafundisha wote. Ndahani hana kosa. Aliitwa."

Kisha Luhende, ambaye rangi ilikuwa imemtoka usoni, aliutazama mkono wake wa kulia, akautia mfukoni. Njano wa pili akafanya vivyo hivyo. Mwingine, na mwingine. Hawakuamriwa. Ikafika kwa watu wa kijani na wa buluu, ambao kozi hata hawawatazami, nao wakaificha mikono, mpaka sitaha nzima ikawa ya watu wenye mikono mifukoni, na Lwitiko hakumbwatukia hata mmoja.

Kamanda alikuwa wa kwanza kuzungumza. "Wamejifunza nini kingine?" aliuliza taratibu.

"Sijui, Mkuu."

"Hakuna anayejua. Tunapungiana mikono, tunasali, tunafukuza nzi mbele yao mwaka hadi mwaka." Alitazama mawingu kwa muda mrefu. Uso wake ulionyesha uchungu waziwazi, kwani naye ana kwao. "Taa. Zitumieni meli tano ujumbe. Hakuna kozi anayeruka. Na walioko angani wakirudi, njano mmoja tu juu ya sitaha."

*

Ilichukua siku tatu. Mawingu yalipita juu yao siku zote hizo, makubwa, ya kijivu, yakielekea bara na mvua yao yote ndani, na watu wa Mkizi walikuwa wakiyatazama kama wasafiri walioachwa kituoni. Siku ya nne kozi waliofutwa waliruka kwa woga, nusu yao tu, wakatia chumvi mawingu mawili ya mwisho. Yalinyesha wapi, hakuna aliyeambiwa.

Mwanakombo alivuliwa fulana siku ile ile. Karatasi za Ndahani zilichanwa, zikaandikwa nyingine, na jina lililobeba kosa likawa lake yeye. Alikwenda wodini mara mbili. Mara ya kwanza Ndahani aligeukia ukutani. Mara ya pili alisema, "Nikifika nyumbani wataniuliza mvua iko wapi. Niwajibu nini?" Mwanakombo hakumwomba msamaha, kwa sababu kumwomba kungekuwa kumtwika mzigo mwingine. Alikaa naye, wakakaa.

Asubuhi ya tano ilikuja boti ya kuwapeleka wote wawili nchi kavu, yeye mbele ya mahakama ya jeshi, Ndahani hospitali. Machela ilipandishwa kwenye sitaha kwa lifti ya ndege. Upepo ulikuwa mkali. "Mvalisheni njano," Lwitiko alisema, "akidondoka majini tumwone." Fulana ya karibu ilikuwa ya Mwanakombo, jina lake bado mgongoni, wakamvisha hiyo. Lwitiko aliisawazisha mwenyewe kifuani kwa Ndahani, na alipoondoa mkono aliacha kokwa moja ya ubuyu juu ya blanketi.

Mwanakombo alikuwa amesimama mbali, upande wa tezi, na begi lake, amevaa shati la kijivu lisilo na kazi. Kati yake na machela, nyuma kidogo ya mstari mwekundu, alikuwa Saba, injini ikivuma ikipashwa moto. Tangu Saba afutwe, Mwanakombo hakuwa amemwendea. Jicho la Saba lilipita juu yake bila kusimama, kama linavyopita juu ya ndoo.

Ndahani alijiinua kwa kiwiko. Aliitazama ile kokwa, akaitia mdomoni. Akamtafuta Mwanakombo kwa macho mpaka akampata. Kisha akainua mkono, kiganja chini, vidole vikachota hewa.

Sitaha nzima iliganda. Mwanakombo hakumtazama Ndahani kwanza. Alimtazama Saba.

Saba aliiona fulana, akauona mkono. Akapunguza injini, kama kitabu kisemavyo, na akabaki mahali pake.

Mwanakombo alilia hapo, mbele ya wote, bila kujificha. Halafu akachukua begi lake na kwenda alikoitwa.